Jane Addams: Aliacha udaktari, akaufungulia mtaa mlango

Hebu nikuulize kitu. Leo ukipigwa na shida, mwenye ploti amekufungia nyumba, kazi imeisha ghafla, au huna mtu wa kukuachia mtoto ndiyo uende kibarua, kuna mlango gani hapo mtaani kwako unaweza kubisha? Si wa shangazi yako wala wa mchungaji wako. Namaanisha mlango wa mtu asiyekujua, ambaye hatakuuliza wewe ni wa kabila gani wala umetumwa na nani.

Wengi wetu tunakwama hapo. Tuna chama, tuna dini, tuna grupu ya WhatsApp ya ukoo. Lakini mahali pa kila mtu, pa kuingia tu ukakaa ukajisikia kwenu, ni adimu. Unaweza kuishi Umoja au Kayole miaka mitano na hujui jina la jirani wa mlango wa pili.

Basi leo wacha nikusimulie maisha ya Jane Addams, mwanamke aliyefungua mlango kama huo kule Chicago, Marekani, mnamo 1889. Alifariki 1935, kwa hivyo hata nyanya yako huenda hakuwa amezaliwa. Lakini ukimfuata polepole utaona shida zake na za mtaa wake unazijua vizuri.

Mtoto wa tajiri mwenye aibu

Jane alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860, katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Kwao walikuwa nazo. Baba yake, John Addams, alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena akawa seneta wa jimbo na rafiki wa Abraham Lincoln. Lakini pesa haizuii msiba. Jane alikuwa na miaka miwili tu mama yake alipofariki. Alipofikisha minne hivi akaugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipona, lakini mgongo ukabaki umepinda na mwendo wake haukunyooka.

Sasa sikiza hii. Jane alimpenda baba yake sana, na alimwona kuwa mwanamume mtanashati kuliko wote. Yeye mwenyewe alijiona mbaya wa sura. Basi wageni walipokuja kanisani Jumapili, hakutaka wajue kwamba mzee yule mzuri ana mtoto kama yeye. Alikuwa akijisogeza pembeni na kutembea na mjomba badala ya baba. Mtoto mdogo, tayari anajificha kwa aibu. Siku moja wakakutana mjini, barabara imejaa watu, na baba akavua kofia yake na kumwinamia kwa heshima kama anayemsalimu mtu mkubwa. Jane aliikumbuka ile salamu hadi uzeeni.

Kuna lingine la utotoni. Alikuwa na kama miaka saba alipopita na baba yake sehemu ya maskini ya mji wa karibu. Aliona vijumba vimebanana, akauliza kwa nini watu wanaishi hivyo. Alipojibiwa, akatangaza kwamba akikua atakuwa na nyumba kubwa, lakini haitakuwa kule kwa matajiri. Itakuwa katikati ya vijumba kama vile. Maneno ya mtoto, sivyo? Ngoja uone.

Miaka minane ya kutangatanga

Jane alisoma katika seminari ya wasichana ya Rockford, akamaliza 1881 akiwa wa kwanza darasani. Mpango ulikuwa awe daktari. Mwezi Agosti mwaka huo huo baba yake akafariki ghafla. Hata hivyo alijikaza, akajiunga na chuo cha udaktari cha wanawake kule Philadelphia. Mwaka mmoja haukuisha vizuri. Mgongo ulimrudia, akafanyiwa upasuaji, akili nayo ikachoka, na akaacha masomo.

Kama wewe ni mmoja wetu tuliotoka chuo kabla ya kuvaa lile joho, unajua kinachofuata. Watu wanakuuliza unafanya nini siku hizi. Unajibu kwa mafumbo. Jane alikuwa na urithi wa takriban dola 50,000, pesa nyingi sana enzi hizo, kwa hivyo hakulala njaa. Lakini pesa haikumpa sababu ya kuamka asubuhi. Wanawake wasomi wa wakati wake walitarajiwa kuolewa au kukaa nyumbani na kutunza jamaa. Hawakuwa na kura, na kazi nyingi walifungiwa. Alisafiri Ulaya, akaona makanisa na picha za kuchorwa, akarudi, akakaa, moyo mzito.

Katika safari ya kwanza, Jumamosi moja usiku mashariki mwa London, alipelekwa kuona jinsi mboga zilizoanza kuoza zinavyouzwa kwa mnada kwa maskini. Kilichomkaa kichwani ni mikono. Mikono mingi mitupu, imenyooshwa juu, ikigombania kabichi ambalo halikuwa tena la kuliwa. Aliiona picha hiyo miaka na miaka. Lakini hakufanya kitu. Alirudi hotelini kama watalii wengine.

Safari ya pili, 1888, akiwa Madrid, alienda kutazama watu wakipigana na mafahali. Wenzake walichukizwa wakatoka. Yeye akabaki akatazama hadi mwisho, ametulia kabisa. Usiku ule ndipo alipojishtukia. Aligundua kwamba amekuwa akijiambia anajiandaa kufanya jambo jema siku moja, na kumbe kujiandaa kwenyewe kumekuwa kisingizio cha kutofanya lolote. Kesho yake akamweleza rafiki yake Ellen Gates Starr wazo lililokuwa likimzunguka: wakodi nyumba katikati ya mtaa wa maskini, wahamie humo, waishi na majirani.

Ellen hakumcheka. Jane akapitia London kuona Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa 1884 katika eneo la Whitechapel, ambako vijana waliosoma vyuo vikuu waliishi kati ya wafanyakazi wa kawaida. Akapata mfano. Sasa ilibaki kuanza.

Nyumba kati ya baa na duka la majeneza

Tarehe 18 Septemba 1889, Jane, Ellen na mtunza nyumba wao Mary Keyser walihamia jumba la zamani kwenye barabara ya Halsted, Chicago. Tajiri aitwaye Charles Hull ndiye aliyelijenga mwaka 1856, ndiyo maana likaitwa Hull House. Zamani lilikuwa ukingoni mwa mji. Sasa mji ulikuwa umelimeza. Upande mmoja kulikuwa na baa, upande wa pili mwenye biashara ya mazishi. Mwanzoni walikodi sehemu tu ya nyumba. Baadaye mwenye nyumba, Helen Culver, aliona kazi yao akawaachia bila kodi.

Usiku wa kwanza walikuwa na furaha hadi wakasahau kufunga mlango wa ubavuni. Haukufungwa kwa ufunguo wala kurudishwa tu. Uliachwa wazi. Asubuhi wakakuta hakuna hata kijiko kilichopotea. Na huu ndio mtaa ambao watu wa Chicago waliuogopa.

Waliishi nani pale? Wahamiaji. Waitaliano, Wajerumani, Waayalandi, Wagiriki, Wayahudi kutoka Poland na Urusi, watu wa Bohemia. Kila kundi na lugha yake, na kila kundi likimshuku mwenzake. Walifika kwa sababu viwanda vya Chicago vilihitaji mikono. Kufikia 1890 mji ulikuwa umepita watu milioni moja. Nyumba zilibanana, vyoo vilikuwa uani, maji ni bomba moja kwa familia nyingi. Si unaipata picha.

Jane na Ellen walianza na walichokijua, kuwasomea majirani riwaya na kuwaonyesha picha za Ulaya. Wengine walikuja na kufurahia. Lakini punde majirani wakaanza kubisha na maombi tofauti. Nishikie mtoto. Mgonjwa wangu hana wa kumlinda. Tusaidie kumwosha marehemu. Jane akashika. Usiku mmoja msichana asiyeolewa alishikwa na uchungu wa kuzaa, majirani hawakutaka kumsogelea kwa sababu ya aibu, na daktari hakuwa amefika. Jane na mwenzake Julia Lathrop wakaenda kumzalisha wao wenyewe. Msichana mwingine, bibi harusi wa miaka 15, alikimbilia pale kwa kuwa mume alimpiga kila usiku kisa alipoteza pete. Akapewa mahali pa kulala.

Kulikuwa pia na watoto. Akina mama walienda kazini alfajiri na hapakuwa na wa kuwalinda wadogo. Mapema tu, Hull House ilikutana mtaani na watoto watatu walioumia kwa kuachwa peke yao. Mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Wa pili aliungua. Wa tatu mgongo wake ulikuwa umepinda, kwa sababu kwa miaka mitatu mama alimfunga kwenye mguu wa meza ya jikoni kutwa nzima ili asijiumize, hadi kaka yake alipotoroka kiwandani saa sita kuja kula naye.

Fikiria Jane mwenye mgongo wake akimtazama mtoto huyo. Walifungua chekechea, kisha mahali pa kuacha watoto kwa senti tano kwa siku. Baadaye ukaja uwanja wa kuchezea, ukumbi wa mazoezi, jumba la picha, bendi ya muziki, madarasa ya jioni, mkahawa wa kahawa. Wasichana wa viwandani waliona kwamba wakigoma, wa kwanza kusalimu amri ni wale wanaodaiwa kodi ya chumba. Kwa hivyo Hull House ikawasaidia kuanzisha nyumba ya kupanga kwa ushirika, wakiiendesha wenyewe na kulindana mwenzao akikosa. Ukisema ni chama, hujakosea.

Kufikia mwaka wa pili, watu kama 2,000 walikuwa wakiingia kila wiki. Na wale waliohamia kufanya kazi na Jane hawakuwa wakilipwa mshahara wa kuishi pale. Walilipia vyumba na chakula chao wenyewe.

Pale msaada ulipouma

Usidhani kila kitu kilienda sawa. Walifungua jiko la umma, chakula chenye lishe, kimepimwa kisayansi, bei nafuu. Majirani hawakukitaka. Kila mtu alikuwa na ladha ya kwao, na hakuna anayependa kuambiwa ale supu kwa sababu wataalamu wameidhinisha. Mkahawa wa kahawa ndio uliojaa, kwa kuwa watu walitaka mahali pa kuketi na kuongea. Jane akajifunza kuuliza kwanza.

Lakini kuna kosa moja lililomkaa rohoni. Majira ya baridi ya 1893, uchumi wa Marekani uliporomoka na Chicago ikajaa watu wasio na kazi. Mwanamume mmoja, aliyekuwa karani wa kampuni ya usafirishaji mizigo, alikuja kuomba msaada kwa ajili ya familia yake. Sheria za mashirika ya misaada wakati huo zilisema usimpe mtu kitu kama kuna kazi anayoweza kufanya. Kulikuwa na kazi ya kuchimba mfereji. Jane akamweleza hivyo. Yule bwana akajibu kwamba amezoea kazi za ndani na hawezi kustahimili baridi ya nje. Jane akashikilia sheria. Mtu akaenda, akachimba siku mbili, akapata nimonia, na wiki moja baadaye akafa. Akaacha watoto wawili.

Jane hakuificha habari hii. Aliiandika mwenyewe kitabuni, na hakuacha kuwafuatilia wale watoto. Tangu hapo alishikilia kwamba huwezi kumsaidia mtu kwa kufuata kanuni tu bila kumjua yeye na maisha yake. Ukienda kwenye ofisi fulani hapa kwetu ukaambiwa ujaze fomu tatu na urudi Jumatano, utaelewa kwa nini nimekusimulia hili.

Mlango wa mbele, mlango wa ubavuni

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha msichana Mwitaliano aitwaye Angelina.

Watoto wa wahamiaji walijifunza Kiingereza haraka, wakavaa kama Wamarekani, na wakaanza kuwaonea aibu wazazi wao. Unaijua hiyo. Ni sawa na yule kijana anayemkalisha mama yake mbali siku ya shule kwa sababu ya lafudhi na leso. Jane aliona mama na mtoto wakitengana ndani ya nyumba moja. Basi mwaka 1900 akafungua jumba la maonyesho ya kazi za mikono, wazee wa mtaa wakionyesha walivyosokota nyuzi, walivyofuma na kuchonga kwao.

Mama yake Angelina alikuwa akija kusokota. Siku hiyo hiyo Angelina alikuwa na darasa la upishi. Walifika pamoja, lakini msichana alimwacha mama kwenye mlango wa mbele, yeye akazunguka kuingilia ubavuni. Hakutaka wenzake wajue kwamba yule mama wa kitambaa kichwani na sketi za kijijini ni wake.

Jioni moja Angelina akamkuta mama yake amezungukwa na walimu kutoka chuo kikuu, wote wameduwaa wakitazama vidole vyake. Akasikia kwamba mama huyu huenda ndiye msokotaji hodari kuliko wote Marekani kwa kijiti kile cha mkono. Jane akamweleza Angelina maisha ya kijijini ambayo mama aliyaacha, na jinsi ilivyo vigumu kuhamia mji ambapo ujuzi wako hauna tena thamani. Baada ya siku kadhaa msichana akaanza kuingia na mama yake. Kwa mlango wa mbele.

Kumbuka yule mtoto wa Cedarville aliyetembea na mjomba ili asimwaibishe baba. Jane aliijua aibu hiyo kutoka ndani.

Takataka, viwanda na siasa za batamzinga

Ukikaa na watu kwa muda, utagundua kwamba huwezi kutibu homa ya mtoto huku jaa linaoza mlangoni. Mtaa wa Jane ulikuwa na takataka kila mahali na mwanakandarasi aliyelipwa bila kuzoa. Mwaka 1895 Jane akaomba zabuni ya kuzoa taka. Akakataliwa kwa kasoro ya karatasi, lakini keleles zilizopigwa zikamfanya meya amteue mkaguzi wa taka wa wadi hiyo, mshahara dola 1,000 kwa mwaka. Dada wa watu akawa anaamka, saa kumi na mbili asubuhi yuko nyuma ya mikokoteni akihesabu safari. Katika barabara moja walichimba uchafu wa zaidi ya futi moja ndipo wakakuta kwamba chini yake kuna lami ya mawe ambayo watu walikuwa wameisahau.

Kuhusu kazi za watoto, alianza kuelewa Krismasi ya kwanza. Hull House iliwagawia wasichana wadogo peremende, nao wakazikataa. Kumbe walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha peremende, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa wiki sita, na hawakutaka hata kuziona. Mwenzake Florence Kelley, aliyehamia pale 1891, akachunguza viwanda na vyumba vya ushonaji nyumba kwa nyumba. Mwaka 1893 Illinois ikapitisha sheria ya kuzuia watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na Kelley akawa mkaguzi mkuu wa kwanza. Mwaka 1899, kwa msukumo wa wanawake wa Hull House na wenzao, Chicago ikapata mahakama ya watoto, ya kwanza Marekani, ili mtoto aliyeiba asifungwe na majambazi. Na Julia Lathrop, yule mkunga wa dharura, mwaka 1912 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya taifa ya masuala ya watoto.

Siasa nazo? Wadi ilikuwa na diwani wake, Johnny Powers, aliyesemwa sana kwa ufisadi. Hull House iliwaunga mkono wapinzani wake 1896 na 1898, wakaangushwa mara zote mbili. Jane hakuwatukana wapiga kura. Alikaa akajiuliza kwa nini wanampenda. Akaona kwamba Powers alihudhuria matanga yao, alilipia majeneza, alitafutia vijana kazi, na Krismasi moja aligawa tani sita za batamzinga. Mtu anapofiwa hakumbuki mkataba wa lami uliopikwa. Anakumbuka nani alikuja. Jane aliandika hayo zaidi ya miaka 120 iliyopita, na wewe ukitazama matanga yetu yakaribiapo uchaguzi utadhani aliandika juzi.

Hakuwa malaika

Hull House ilihudumia hasa wahamiaji kutoka Ulaya, na wanahistoria wamemlaumu Jane kwamba Wamarekani weusi hawakupata nafasi ile ile. Mwaka 1901 aliandika makala ya kupinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Nia ilikuwa njema, lakini aliandika kana kwamba waliouawa walikuwa kweli na hatia. Ida B. Wells, mwanahabari mweusi aliyeishi Chicago hiyo hiyo, akamjibu hadharani kwa takwimu, akionyesha kwamba wengi waliuawa bila hata kushtakiwa kwa kosa lile lililodaiwa. Hawakuwa maadui. Walishirikiana kupinga shule za Chicago kutenganishwa kwa rangi, na mwaka 1909 wote wawili walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1915, Ulaya ikiwaka moto, Jane aliongoza mkutano wa wanawake wa amani kule The Hague, Uholanzi, kisha akazunguka miji mikuu akiwasihi viongozi wazungumze. Aliporudi alisema kwenye mkutano kwamba alisikia askari hupewa vileo kabla ya kutumwa kuwachoma wenzao kwa singe. Magazeti yakamrukia. Mwanamke aliyekuwa kipenzi cha taifa akaitwa msaliti. Marekani ilipoingia vitani 1917 hakubadilika. Marafiki wakamkwepa, wafadhili wakapungua, serikali ikamtia kwenye orodha ya watu hatari. Angeweza kunyamaza. Lakini majirani zake walitoka nchi zote zilizokuwa zikiuana, na kwa karibu miaka 30 alikuwa amewaona wakiketi meza moja.

Mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nicholas Murray Butler. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani kuipata, tuzo ambayo Wangari Maathai wetu aliileta nyumbani 2004. Hakwenda Oslo kuipokea kwani alikuwa mgonjwa hospitalini. Fungu lake la pesa akalipa shirika la wanawake la amani alilokuwa rais wake wa kwanza.

Alifariki tarehe 21 Mei 1935. Mwili uliwekwa Hull House, na maelfu ya watu wa mtaa wakapanga foleni kumuaga. Ibada ikafanyika uani, kisha akapelekwa kuzikwa kwao Cedarville.

Kilichobaki

Katika kilele chake Hull House ilikuwa na majengo 13. Miaka ya 1960 mengi yalibomolewa kupisha chuo kikuu cha Illinois, na majirani wakahamishwa hata baada ya kuandamana. Shirika lililoendeleza huduma zake lilifungwa 2012 kwa kuishiwa pesa. Leo imebaki nyumba ile ya kwanza na ukumbi wa kulia, ni makumbusho. Kwa hivyo usidanganyike kwamba kitu kizuri hujilinda chenyewe. Kinahitaji watu na pesa kila mwaka, tena watu wa pale pale.

Nairobi tuna kumbi za kijamii za zamani, Kaloleni, Pumwani na kwingineko. Baadhi unazipita kila siku ukienda steji na hujawahi kuingia. Jumamosi hii ingia. Uliza nani anashikilia ufunguo, nani hukutana humo na siku gani. Kama kuna watoto wanaofundishwa kusoma, keti nao saa moja. Kama kuna akina mama wanasuka vikapu, waulize walijifunzia wapi. Kama ukumbi umefungwa na kufuli limeshika kutu, tafuta wenzako watatu mwende mkamuulize MCA wenu kwa nini.

Jane Addams alianza na sehemu ya nyumba ya kukodi, rafiki mmoja na mtunza nyumba. Alikuwa na miaka 29, na kwa miaka minane ndugu zake walikuwa wamemtazama wakijiuliza huyu atafanya nini na maisha yake.